Henry Darcy

Henry Philibert Gaspard Darcy (Dijon, 10 Juni 1803 – Paris, 3 Januari 1858) alikuwa mhandisi wa maji kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana duniani hasa kwa Kanuni ya Darcy, inayoeleza jinsi maji yanavyopita ndani ya mchanga na udongo. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa vipimo vyote vya upenyevu wa udongo, yaani uwezo wa udongo kupitisha maji, ambavyo hufanywa kabla ya kuchimba kisima, kujenga bwawa au kutayarisha bonde la kupokea maji ya mvua mjini. Katika mji wake wa kuzaliwa anakumbukwa zaidi kama mtu aliyewaletea wakazi maji safi na kukataa malipo.

Maisha ya awali

Darcy alizaliwa Dijon, mji mkuu wa Burgundy mashariki mwa Ufaransa, wakati nchi ilipokuwa chini ya Napoleon Bonaparte. Baba yake alifariki mwaka 1817, Henry akiwa na umri wa miaka 14. Mama yake, Agathe Angélique Serdet, alibaki na watoto wa kulea bila mali nyingi. Hata hivyo hakukubali masomo yao yakatike: alikopa fedha akawalipa walimu wa kuwafundisha.

Deni hilo lilizaa matunda. Mwaka 1821 Henry alikubaliwa kuingia École Polytechnique mjini Paris, shule iliyochukua wanafunzi bora wa hisabati na sayansi nchini. Miaka miwili baadaye alihamia École des Ponts et Chaussées, yaani shule ya wahandisi wa madaraja na barabara. Aliyehitimu huko aliingia moja kwa moja katika idara ya serikali iliyosimamia barabara, madaraja, mifereji na bandari za Ufaransa nzima. Darcy aliitumikia idara hiyo karibu maisha yake yote.

Baada ya muda mfupi katika wilaya ya Jura, alipelekwa Dijon mwaka 1827. Mwaka uliofuata alimwoa Henriette Carey, mwanamke Mwingereza aliyezaliwa katika kisiwa cha Guernsey na ambaye familia yake iliishi Dijon. Hawakujaliwa watoto.

Mji wenye kiu

Dijon ya wakati huo ilikuwa na wakazi karibu 25,000 na maji mabaya. Watu walichota katika visima vifupi vilivyochimbwa karibu na mashimo ya vyoo, au katika kijito cha Suzon kilichopita mjini kikiwa kimejaa uchafu. Kwa karne nyingi watawala wa mji walijadili namna ya kuleta maji bora, na kila mara mipango iliishia kwenye karatasi.

Jaribio la kwanza alilopewa Darcy halikufaulu. Kuanzia mwaka 1828 kisima kirefu kilitobolewa katika uwanja wa Saint-Michel kwa matumaini ya kupata maji yanayopanda yenyewe kwa shinikizo la ardhini. Kilifika kina cha mita 150 hivi. Maji yalipanda hadi karibu na uso wa ardhi, lakini yalikuwa machache mno kwa mahitaji ya mji. Mhandisi mwingine angeandika ripoti ya kusikitika na kuhamia kazi nyingine. Darcy aligeukia nje ya mji, akapima chemchemi moja baada ya nyingine: kiasi cha maji katika majira mbalimbali, usafi wake, na kimo chake ukilinganisha na mitaa ya Dijon.

Alichagua chemchemi ya Rosoir, iliyoko kaskazini-magharibi mwa mji. Mpango wake, aliouwasilisha mwaka 1834, ulikuwa mfereji wa mawe uliofunikwa, wenye urefu wa kilomita 12.7, ukishuka kwa mteremko mdogo hadi mjini. Nguvu ya uvutano pekee ilitosha kuyasukuma maji. Hapakuwa na pampu hata moja, wala injini ya mvuke ya kulishwa makaa ya mawe kila siku. Kufunika mfereji kulikuwa muhimu sawa na kuuchimba, kwa kuwa maji yaliyotoka safi kwenye mwamba yalitakiwa kufika safi mtaani.

Wakati mpango ulipokuwa ukitayarishwa, kipindupindu kiliingia Ufaransa. Mwaka 1832 mji wa Paris peke yake ulipoteza watu karibu 18,000. Hakuna aliyejua bado kwamba ugonjwa huo husafiri kwa maji; hilo lilikuja kuonyeshwa na daktari John Snow wa London zaidi ya miaka 20 baadaye. Lakini hofu ya maji machafu ilikuwapo, na iliusaidia mpango wa Darcy kupita.

Ujenzi ulianza mwaka 1839, na tarehe 6 Septemba 1840 maji ya Rosoir yaliingia katika tangi kubwa la mji. Mfereji ulileta karibu mita za ujazo 8 kwa dakika, sawa na zaidi ya mita za ujazo 11,000 kwa siku. Ukizigawa kwa wakazi wote, kila mmoja anapata zaidi ya lita 400 kwa siku, kiasi ambacho miji mingi ya leo haifikii. Kufikia mwaka 1844 mabomba ya kugawa maji yalikuwa na urefu wa karibu kilomita 28, na mabomba ya kuchotea yaliwekwa barabarani, karibu moja kwa kila mita 100. Maji hayo ya barabarani yalikuwa bure. Mama wa nyumba aliyekuwa akitembea mbali na ndoo, au kumlipa mchuuzi wa maji, sasa alivuka barabara tu.

Kwa kazi hiyo Darcy alistahili ada ya faranga 55,000, fedha nyingi kwa wakati ule. Hakuichukua. Alikubali medali ya dhahabu kutoka kwa mji, na haki ya kutumia maji bila kulipia maisha yake yote.

Reli, mapinduzi na Paris

Akiwa bado Dijon, Darcy alishughulikia pia njia ya reli kutoka Paris kwenda Lyon. Wengi walitaka ipite mbali na Dijon kwa sababu ya vilima vilivyo magharibi mwa mji. Yeye alionyesha kwamba inawezekana kupita kwa kuchimba handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 4 huko Blaisy. Handaki lilichimbwa, na Dijon ikawa kituo kikubwa cha reli.

Mwaka 1848 mapinduzi yalimwondoa mfalme Louis-Philippe. Wakuu wapya walimwona Darcy kuwa mtu mwenye ushawishi mkubwa mno katika mji wake, na mtumishi huyo aliyekuwa ameunywesha mji mzima aliondolewa kwa sababu za kisiasa. Ni jambo la kushangaza, lakini fedheha hiyo ilimfungulia mlango. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Paris, akisimamia maji na barabara za mji mkuu. Mwaka 1850 alikwenda London kuchunguza barabara za kokoto zilizoshindiliwa, akaandika taarifa ndefu juu yake.

Paris ilimpa pia nafasi ya kufanya majaribio ya mabomba huko Chaillot. Kwa miezi mingi alipitisha maji katika mabomba ya chuma, risasi, kioo na mengine, mapya na yaliyokwisha kuingia kutu, akipima shinikizo lilivyopungua. Wahandisi wa kabla yake walitumia mlinganyo wa Mfaransa Prony, uliochukulia mabomba yote kuwa sawa. Darcy alionyesha kwamba ukwaruzo au ulaini wa ukuta wa bomba hubadilisha mambo sana: bomba lenye kutu hula shinikizo kuliko bomba jipya. Matokeo yake, yakiunganishwa na mlinganyo wa Mjerumani Julius Weisbach, hufundishwa hadi leo kama mlinganyo wa Darcy na Weisbach.

Katika kazi hiyohiyo aliboresha kifaa cha kupimia mwendo wa maji kilichobuniwa na Henri Pitot mwaka 1732. Kifaa cha Pitot kilikuwa kigumu kusomeka, kwa sababu maji ndani yake yaliyumba bila kutulia. Darcy aliubana mdomo wa mrija na kuweka vali za kufungia maji, ili msomaji akisome kikiwa kimetulia. Vifaa vinavyotumika leo viko karibu zaidi na cha Darcy kuliko cha Pitot mwenyewe, ingawa jina lililobaki ni la Pitot.

Mchanga katika ua wa hospitali

Afya yake ilianza kudhoofika. Mwaka 1855 aliomba kupumzishwa kazi za kila siku, akaruhusiwa kurudi Dijon kufanya utafiti. Hapo ndipo alipofanya jaribio lililompa jina duniani.

Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Miji kadhaa ya Uingereza, Uskoti na Ufaransa ilichuja maji ya mto kwa kuyapitisha kwenye tabaka la mchanga. Kila mhandisi aliyetaka kujenga kichujio alihitaji kujua kiwe na eneo gani ili kitoe kiasi fulani cha maji. Majibu yaliyokuwapo yalipingana: kichujio cha mji huu kilitoa maji mengi kwa kila mita ya mraba, cha mji ule machache, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Kujenga kidogo mno kuliacha mji na kiu. Kujenga kikubwa mno kulipoteza fedha za umma.

Mwezi Oktoba na Novemba 1855, katika ua wa hospitali ya Dijon, Darcy na mhandisi Charles Ritter walisimamisha bomba la chuma lenye kipenyo cha sentimita 35, lililofungwa juu na chini. Ndani walijaza mchanga wa mto Saône juu ya wavu. Maji yaliingia kwa juu kutoka bomba la hospitali, yaani maji yaleyale ya Rosoir aliyoyaleta mwenyewe miaka 15 nyuma, yakapita katikati ya mchanga na kutokea chini, ambako yalikusanywa na kupimwa. Vipimo vya zebaki viliwekwa juu na chini kuonyesha shinikizo. Kila mtu hospitalini alipofungua au kufunga bomba, zebaki ilirukaruka, na wapimaji walilazimika kuchukua wastani.

Walibadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kama mwanafunzi anavyofundishwa kufanya maabara. Kwanza waliuacha mchanga katika unene wa sentimita 58 na kuongeza shinikizo hatua kwa hatua. Tofauti ya kimo cha maji ilipokuwa karibu mita 1.1, maji yaliyopita yalikuwa lita 3.6 kwa dakika. Ilipofika karibu mita 10.9, yalikuwa lita 29.4. Kimo kiliongezeka karibu mara 10, na maji yakaongezeka zaidi ya mara 8: si sawasawa kabisa, lakini karibu, na namba za katikati zilikaa karibu na mstari ulionyooka. Kisha waliongeza mchanga hadi zaidi ya mita 1, na baadaye hadi mita 1.7. Mchanga ulipokuwa mnene zaidi, maji yalipungua kwa uwiano uleule. Mwezi Februari 1856 Ritter alifanya mfululizo mwingine akibadilisha pia shinikizo la chini ya mchanga. Matokeo yalithibitisha kwamba tofauti kati ya juu na chini ndiyo inayohesabika.

Kanuni ya Darcy

Darcy alikusanya hayo yote katika mlinganyo mmoja mfupi. Kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde ni sawa na eneo la mchanga, mara tofauti ya kimo cha maji, kugawanya kwa unene wa mchanga, mara namba moja ambayo ni tabia ya mchanga wenyewe. Kwa alama huandikwa:

Q = K × A × h ÷ L

Hapa Q ni kiasi cha maji kwa sekunde, A ni eneo, h ni tofauti ya kimo, L ni unene, na K ni kigawo cha upenyevu.

Namba K ndiyo kiini cha ugunduzi wake. Haitegemei ukubwa wa chombo wala shinikizo. Ukiupima mchanga katika bomba dogo, unaweza kuhesabu kichujio cha ukubwa wowote kitakachojengwa kwa mchanga huohuo. Kwa mchanga wa Saône, namba za Darcy zinatoa K ya karibu mita 0.0003 kwa sekunde. Changarawe safi huweza kuwa na K kubwa mara mamia zaidi. Udongo wa mfinyanzi huweza kuwa chini ya mita 0.000000001 kwa sekunde, yaani maji husogea sentimita chache tu kwa mwaka chini ya shinikizo la kawaida. Ni vitu vichache katika maumbile vinavyotofautiana kwa kiasi hicho, ilhali vyote kwa macho ni udongo tu. Ndiyo maana kukadiria kwa kuangalia au kushika kwa vidole hakutoshi.

Kanuni hii ilichapishwa mwaka 1856 katika kitabu chake kikubwa Les fontaines publiques de la ville de Dijon, chenye zaidi ya kurasa 600 na juzuu ya michoro. Kitabu kizima ni historia ya maji ya Dijon na mwongozo kwa wahandisi wa miji mingine. Jaribio la mchanga limewekwa mwishoni, katika nyongeza inayohusu kuchuja maji. Msomaji mvivu angeweza kukifunga kitabu bila kulifikia.

Kanuni ina mipaka yake. Maji yakipita kwa kasi kubwa, kama kwenye mawe makubwa, uwiano ulionyooka huvunjika. Jambo hilo lilielezwa na Philipp Forchheimer mwaka 1901. Pia Darcy alipima mchanga uliojaa maji kabisa. Udongo wenye hewa ndani yake, kama wa shamba baada ya siku kadhaa za jua, hupitisha maji polepole zaidi, na Edgar Buckingham wa Marekani alishughulikia hali hiyo mwaka 1907.

Miaka ya mwisho

Baada ya kitabu, Darcy aligeukia maji yanayotiririka katika mifereji ya wazi. Alianza majaribio kwenye Mfereji wa Burgundy lakini hakuyamaliza. Akiwa safarini Paris alipatwa na homa ya mapafu, akafariki tarehe 3 Januari 1858, akiwa na umri wa miaka 54. Mwili wake ulirudishwa Dijon na kuzikwa huko. Msaidizi wake Henry Bazin aliendeleza majaribio ya mfereji na kuyachapisha mwaka 1865, akitambua waziwazi mchango wa mwalimu wake.

Matumizi ya kanuni baada yake

Mwaka 1863 Mfaransa mwenzake Jules Dupuit aliitumia kanuni kuhesabu maji yanayoingia kisimani. Mwishoni mwa karne hiyo Allen Hazen wa Marekani alionyesha kwamba K ya mchanga wa kuchujia inaweza kukadiriwa kutokana na ukubwa wa chembe zake ndogo. Mwaka 1925 Karl Terzaghi, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa sayansi ya udongo kwa wahandisi, aliitumia kueleza kwa nini majengo juu ya mfinyanzi hutitia polepole kwa miaka mingi: maji yaliyobanwa ndani ya udongo hutoka kwa kasi inayoruhusiwa na K. Wahandisi wa mafuta ya petroli walichukua jina la Darcy na kulifanya kipimo cha upenyevu wa miamba.

Maabara za udongo za leo bado hufanya jaribio la Dijon kwa umbo dogo. Kwa mchanga, maji huachwa yapite katika silinda kwa kimo kisichobadilika na kupimwa yanapotoka. Kwa mfinyanzi njia hiyo ingechukua siku nyingi kupata kikombe kimoja. Kwa hiyo hutumika mrija mwembamba uliosimama juu ya sampuli, na mpimaji hutazama maji yake yanavyoshuka kwa muda.

Matumizi yanayowagusa wakazi wengi wa miji ni katika mabonde ya kupenyeza maji ya mvua. Paa na lami huzuia mvua isiingie ardhini, na maji yote hukimbilia bondeni kwa pamoja. Njia mojawapo ya kupunguza mafuriko ni kuyaelekeza kwenye shimo pana ambalo sakafu yake itayanyonya taratibu. Mfano wa hesabu unaonyesha uzito wa K. Bonde lililojaa maji ya kina cha mita 1.2 juu ya udongo wenye K ya mita 0.00001 kwa sekunde hushuka karibu milimita 36 kwa saa, na hukauka katika saa 33 hivi. Kama K ni moja ya kumi ya hiyo, tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona, bonde lilelile litachukua takriban siku 14. Mvua ya pili ikija kabla ya hapo, hakuna nafasi ya kuipokea na maji huingia nyumbani mwa watu. Tena katika nchi za joto muda huo unatosha mayai ya mbu kuwa mbu kamili. Kwa sababu hiyo miongozo mingi hutaka bonde liwe kavu ndani ya siku 2 au 3.

Kipimo cha namna hiyo hufanywa mahali penyewe na katika kina kilekile ambacho sakafu ya bonde itakuwa. Kupima udongo wa juu na kisha kuchimba mita 2 chini ni kupima kitu kingine. Njia inayotumika sana ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, mara nyingi zenye vipenyo vya sentimita 30 na 60, zinazopigiliwa ardhini na kujazwa maji. Pete ya nje hulowesha udongo wa pembeni ili maji ya pete ya ndani yaende chini badala ya kutawanyika kando. Masomo ya saa za mwanzo hayahesabiwi, kwa kuwa udongo mkavu hufyonza haraka na kudanganya. Husubiriwa mpaka mwendo utulie. Hufanywa zaidi ya mara moja, kwa sababu hatua chache kutoka hapo kunaweza kuwa na tabaka la mfinyanzi. Maji ya moto kidogo hupita haraka zaidi: ya nyuzi 30 za sentigredi hupita kwa kasi ya zaidi ya mara moja na nusu ya yale ya nyuzi 10. Baada ya yote hayo mhandisi huigawa namba aliyoipata kwa 2 au zaidi, akijua kwamba matope yatakayoletwa na mvua yataziba sakafu mwaka hadi mwaka, na kwamba mashine nzito zikipita juu yake wakati wa ujenzi huishindilia. Kuna mabonde mengi yaliyopimwa vizuri na kuharibiwa na tingatinga kabla mvua ya kwanza haijanyesha.

Kanuni hiyohiyo hufanya kazi mahali pasipo na maabara. Katika maeneo makavu ya Machakos na Kitui nchini Kenya hujengwa kuta za mawe kukatiza mito ya msimu, ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji kati ya chembe, mbali na jua. Mchanga mkubwa huyatoa kwa urahisi watu wanapochimba. Ukijaa tope laini, maji yapo lakini hayatoki. K ndogo ndiyo inayoyazuia.

Kumbukumbu

Uwanja mkubwa ulio mbele ya tangi lake la maji mjini Dijon huitwa Place Darcy. Mwaka 1880 bustani ilitengenezwa kuzunguka tangi hilo, nayo inaitwa Jardin Darcy. Mlangoni mwa bustani imesimama sanamu ya dubu mweupe, nakala ya kazi ya mchongaji François Pompon, na watalii wengi hupiga picha na dubu huyo wakiwa wamesimama karibu na tangi lililopokea maji ya Rosoir tarehe 6 Septemba 1840.